Mwonjaji wa Kamongo

Mama yangu alipika kamongo, yule samaki wa kwenye matope, kwa miaka mingi, na watu walitoka mpaka Igoma kuja kumla, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kumtia mdomoni. Kwetu mwanamke hali kamongo. Atamtoa utelezi kwa majivu, atamchuna ngozi, atambanika kwenye moshi, atamkaanga na kumuunga, kisha atampakulia mwanaume na yeye mwenyewe akae pembeni na dagaa zake. Hata mchuzi wake haruhusiwi. Hata mwiko uliokoroga mchuzi huo haulambwi. Chungu cha kamongo kilikaa nje chini ya upenu, na hakikupikiwa kitu kingine chochote, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya wasichana watupu na mama hakutaka balaa lituingie kwa njia ya maharage.

Mimi nilizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Walimu waliuona, majirani waliuona, na mama aliuchoka. Nilipomaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani Butimba kusubiri matokeo, nilikuwa na muda mwingi na swali moja kubwa. Mtu anawezaje kuwa fundi wa kitu asichokijua ladha yake?

Jibu lilikuwa baba.

Baba hakuanza maisha ya kazi mtoni. Alikuwa mtu wa kiwanda cha nguo, mtu wa zamu na king'ora, mpaka ikaja ile miaka ya soko huria, mitumba ikajaa Mwanza nzima na viwanda vikaanza kupunguza watu. Neno lenyewe ndilo hilo, kupunguzwa, kana kwamba wao ni maji kwenye debe. Baba alirudi nyumbani, akakaa wiki kadhaa akitengeneza kiti ambacho hakikuwa kimevunjika. Halafu asubuhi moja alichukua panga akaenda kwenye mdomo wa ule mto mdogo ulio mbele ya Butimba, pale alipokuwa akivua na babu enzi za utoto wake, akakata njia katikati ya mafunjo mpaka akayafikia maji. Tangu siku hiyo akawa mvuvi.

Wakati huo kila kijana mwenye misuli alikuwa anakimbilia sangara. Maboti ya barafu yalikuwa yanazunguka visiwani kununua, viwanda vya minofu vilikuwa vimesimama ufukweni, na minofu yenyewe ilipanda ndege. Sisi tulibaki na mapanki, yaani kichwa, mifupa na mkia, tukajifunza kuyakaanga na kuyasifia. Baba hakumtaka sangara. Alisema huyo ni samaki wa watu wenye haraka na mitaji. Kamongo, kwa kuwa ana sura mbaya na anafanana na nyoka aliyevimba, hakuna mzungu aliyemtaka.

"Huyu wametuachia," alisema, na alilisema kwa majivuno.

Nilipenda kumfuata mtoni. Kamongo ana mapafu, na hilo peke yake lilinitosha kukosa usingizi. Anakaa chini kwenye tope, kisha anapanda kuvuta hewa, na ukitulia unamsikia: mlio mfupi tu, kama mtu anayefyonza chai ya moto. Baba alikuwa anasimama ndani ya mtumbwi bila kutikisika, akisikiliza, halafu ananyoosha kidole kwenye magugu maji na kusema, "Yupo pale, na ni mkubwa." Kambare aliwavua kwa vipande vya sabuni ya mche, jambo lililomfanya mama aanze kuficha sabuni ya kufulia. Lakini kamongo alitaka samaki wadogo kwenye ndoano, na ndoano ilifungwa kwa waya, maana ana meno ya kukata kamba. Kiangazi maji yakikauka, anajizika kwenye tope na kulala huko mpaka mvua, na watu wa majaruba ya mpunga wanamchimba kwa jembe, kama kiazi. Nilimuuliza baba kama kamongo huota ndoto humo chini. Akaniambia nitakapomkamata wangu nimuulize.

Mama alikuwa na sehemu yake Mkuyuni, benchi mbili na meza chini ya kibanda cha makuti, ubavuni mwa grosari moja. Mwenye grosari alimpa nafasi ile kwa sababu kamongo huvuta wanywaji. Benchi zile ndizo zilizokuwa zinatulisha na kuwasomesha wadogo zangu wote. Mto ungeweza kutoa kamongo wangapi sijui, bila benchi zile tungewauzia nani kwa bei ya kueleweka?

Kila asubuhi, mchuzi ukishachemka, mama aliita, "Baba watoto, njoo."

Baba alikuja na macho yake mekundu ya kuamkia mtoni. Akakinga kiganja. Mama akadondosha mchuzi kidogo katikati ya kiganja, baba akaunyonya, akafumba macho, akasubiri. Sisi wote tulisubiri. Mara nyingine alisema, "Ndimu." Mara nyingine, "Chumvi, lakini usiitupe, inyunyize." Akiridhika alitikisa kichwa mara moja tu na kwenda kulala. Nimemwona baba akitoka kanisani, nimemwona akipokea cheti cha mfanyakazi bora kiwandani, lakini sijawahi kumwona akiwa mtu wa maana kama pale, amesimama na kiganja chake kimelowa mchuzi.

Basi nikaanza kuuliza sababu. Kwa nini sisi tusile?

Bibi mzaa baba alisema mwanamke akila kamongo atazaa mtoto mwenye mate mengi. Mama mmoja wa kwaya alisema hapana, ni kwamba kamongo ana maziwa kama mwanamke, kwa hiyo ni kula dada yako. Nilikuwa nimechuna kamongo wengi kuliko yeye na sikuwa nimeona maziwa yoyote. Katekista alisema Biblia haisemi lolote kuhusu kamongo kwa jina, lakini tuheshimu wazee. Mzee mmoja mteja wetu, ambaye alikuwa hakosi, alifikiri kwa muda mrefu huku akimung'unya mfupa, kisha akaniambia, "Binti yangu, mngeanza kula na nyie, sisi tungepata wapi?" Huyo nilimpenda. Sababu zote zilitofautiana, ila mwisho wake ulikuwa mmoja: sahani ilikwenda upande uleule.

Mama hakupenda maswali yangu. "Kinyozi hajinyoi," alinijibu. "Na huyo anayemnyoa yupo. Tatizo liko wapi?"

Tatizo lilianza baada ya masika.

Baba aliugua homa kali mvua zilipokuwa zinaisha. Alipopona alirudi mtoni kama kawaida, na kila asubuhi aliitwa kwenye chungu kama kawaida. Ila sasa jibu lake likawa moja. "Ongeza chumvi." Mama anaongeza. Baba anaonja tena. "Bado kidogo." Mama, ambaye alikuwa haulizi, aliongeza.

Cha kushangaza ni kwamba mwanzoni biashara ilichangamka. Watu walikula na kuita bia, wakala na kuita bia nyingine, na mtungi wetu wa maji ya kunywa ukawa unaisha kabla ya mchana. Mwenye grosari akawa anatupitia huku anapiga mluzi. Nikajiuliza mbona watu wana kiu hivi wakati jua si kali, lakini nikadhani ni maendeleo.

Kisha wateja wakaanza kupungua. Hawakugomba. Walipita mbele yetu, wakatusalimia vizuri, "Mayu, habari za asubuhi," kama wanavyomwita mama mwenye heshima huku kwetu, halafu wakaenda kukaa upande wa pili. Sahani zilirudi na vipande vizima. Mama alivigeuzageuza kwa kidole na kuvinusa. Alizilaumu kuni, akailaumu mizani ya duka la nyanya, akanilaumu mimi kwamba siwachangamkii watu.

Mwenye grosari naye akaja, safari hii bila mluzi. "Mayu, mimi nakuheshimu sana," alimwambia mama. "Lakini kuna kijana anataka kukaanga chipsi hapa. Vijana siku hizi ni chipsi. Kesho Jumamosi nikiona benchi ziko hivi hivi, itabidi nimpe hii nafasi." Kijana mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, anapima meza yetu kwa macho. Nilitamani kumtwanga na mwiko.

Siku hiyohiyo fundi mmoja wa kuchomelea vyuma kutoka Igoma, mteja wetu wa miaka, alikula vijiko viwili akasimama. Mama aliinama akajifanya hajaona. Mimi nikamfuata mpaka barabarani.

"Kaka, shida ni nini? Niambie tu, sitachukia."

Alikuna shingo. "Dada yangu, hivi kweli hamjui?"

"Tungejuaje?"

Akanitazama, na nikaona linamwingia akilini kuwa kweli hatukuwa na namna ya kujua. "Chumvi," alisema. "Mtu unakula kamongo unahisi umekunywa bahari. Sisi tunasema mzee kakubaliana na mwenye grosari, atutie kiu tununue bia. Ujanja wa kwenye pombe huo. Lakini mtu mzima ataendelea kuchezewa mpaka lini?"

Nilichukia, ingawa nilikuwa nimeahidi. Baba yangu ana mambo yake, lakini si tapeli. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiongea peke yangu, na kufika Butimba nilikuwa nimeshajua la kufanya.

Jioni nilipika maharage. Bakuli moja sikulitia chumvi kabisa. La pili nililitia konzi nzima ya chumvi. Nikampelekea baba la kwanza na ugali wa muhogo, akala. Nikamwambia kuna mengine nimeyaunga tofauti, nikampa la pili, nikakaa mbele yake kumtazama. Alikula. Hakukunja uso wala hakugusa maji.

"Yapi mazuri, baba?"

"Yote mazuri. Umeanza kujua kupika."

Mama alikuwa mlangoni. Alichota kidogo kutoka bakuli lile la pili, akaonja, akatema nje. Kisha akaja akakaa chini kwenye mkeka, si karibu na baba wala si mbali naye.

"Tangu lini?" alimuuliza.

Baba aliendelea kumega tonge, akalifinyanga, akaliacha. "Tangu ile homa. Sisikii ladha ya kitu. Kila kitu ni kama natafuna karatasi. Nilidhani itarudi."

"Na hukusema? Mficha maradhi, kifo humuumbua, hujasikia?"

"Ningesema nini?" Sauti yake ilipanda, na baba hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Kiwandani walinipunguza, nikanyamaza, nikachukua panga nikaenda mtoni. Sasa na hapa kwenye chungu changu mwenyewe nije niseme sifai? Mnipunguze na nyie?"

Mama alisimama akaenda kuosha sahani zilizokuwa safi. Nilimhurumia baba, na papo hapo nilikuwa nimemkasirikia, na sikujua nianze na lipi.

Jumamosi ilikuwa kesho yake. Tulihitaji ulimi. Jirani wa kiume alikuwepo, lakini mama alikataa katakata. Mwanaume wa watu asimame kwenye jiko lake kila asubuhi, kisha mchana aitangaze aibu ya mumewe kijiweni? Nikasema nitaonja mimi. Akasema mimi bado sijaolewa, nisije nikamletea wajukuu wenye mate.

Asubuhi baba akiwa bado mtoni kutegua ndoano, mchuzi ukachemka. Mama alisimama juu ya chungu kwa muda mrefu. Alitazama uzio wa jirani. Alitazama njia. Kisha akadondosha mchuzi kwenye kiganja chake mwenyewe, sura imekaza kama ya mtu anayemeza kwinini, akaunyonya.

Nilimtazama ili nione ni kitu gani kitamtokea. Hakuna kilichomtokea. Alifumba macho, akafumbua.

"Kumbe," alisema.

Akadondosha tena. "Kumbe hivi!" Na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Mama yangu amekufa akiniambia ladha yake ni tope. Tope! Watu wazima na ndevu zao wanakaa wanatuambia ni tope!"

Akanisukumia upawa. Miaka yote ile ya kuuliza, na siku ilipofika nilimeza haraka kwa woga hata sikuambulia kitu zaidi ya moto. Mama hakunisubiri. Alishika kazi: akapunguza mchuzi, akaongeza nyanya na maji, akaonja, akakamua ndimu, akaonja. Sijawahi kumwona akipika vile. Mikono yake ilikuwa inajibiwa.

Baba alirudi. Aliweka kamongo wake kwenye beseni na kupita kando akielekea ndani, bila kugeuka upande wa chungu. Alikuwa ameshajifuta kazi mwenyewe.

"Baba watoto, njoo," mama aliita.

Alisimama. "Mama, si unajua tu?"

"Najua. Njoo uonje."

Alikuja, akakinga kiganja, akanyonya, akafumba macho. Tukasubiri. "Ongeza chumvi kidogo," alisema, kwa sauti ya chini sana. Mama akaingiza vidole kwenye kopo la chumvi, akavitoa, akavifikicha juu ya chungu. Nilikuwa karibu. Havikuwa na kitu.

Mkuyuni siku ile yule fundi wa Igoma alikuja kwa sababu nilikuwa nimemtumia ujumbe kupitia wenzake. Alikula kwa tahadhari, kisha akaacha tahadhari, akaomba sahani nyingine. Wenzake wakasogea. Kufikia saa nane benchi zilikuwa zimejaa na wengine wanakula wamesimama, na mwenye grosari akamwambia kijana wa chipsi akatafute kona nyingine. Kijana wa watu aliondoka na karai lake. Hapo nikamhurumia, maana ushindi humpa mtu huruma.

Baba alikuwa amekuja kutusaidia kubeba. Fundi akampiga begani mbele ya watu wote. "Mzee wangu, tulikuwa tumekusema vibaya. Kumbe ulimi wako ni uleule!" Watu wakacheka, wakampongeza, na baba akacheka nao. Kisha akamtazama mama. Mama aliinamia sahani, akasugua moja mpaka nikaona itatoboka.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado lipo juu ya ziwa, wadogo zangu wakiwa wameenda kuteka maji. Mama alikuwa amembakizia baba pande lake moja, kama siku zote. Baba alilitoa kwenye chungu, akaliweka kwenye sinia, akaomba kisu. Akalikata vipande vitatu. Kimoja akakisogeza kwa mama, kimoja kwangu.

"Kaeni," alisema.

"Baba watoto, watu watasema nini?"

"Watu wameshiba, wameenda kwao. Kaeni mle."

Tukakaa. Mama alijifunika kanga kichwani kwanza, kama mtu anayetaka kusali, ndipo akamega. Mimi nikamega. Safari hii sikumeza haraka. Baba hakugusa chake. Alikuwa anatutazama midomo, kwanza wa mama, halafu wangu, halafu wa mama tena, na ndipo nilipojua kwamba kwenye nyumba ile sikuwa peke yangu mwenye ugonjwa wa kuuliza.

"Haya niambieni," alisema. "Mimi naanza kusahau. Ana ladha gani?"

Mama alitafuna kwanza akamaliza. "Mwanzo ni moshi," alisema. "Moshi wenyewe hauko mbali, upo hapa mbele ya ulimi. Halafu anakuja kama nyama. Ukishadhani ni nyama, ndiyo mafuta yanatoka, yanakaa kwenye fizi, na mafuta yana utamu. Si utamu wa sukari. Ni kama wa mahindi mabichi ya kuchoma."

"Na ndimu?"

"Ndimu iko mwisho. Subiri, usiikimbilie."

Baba alikuwa ameshaweka kipande chake mdomoni. Alifumba macho, akawa anatafuna polepole, akimfuata mama kadiri alivyokuwa anaeleza.